Ioshwe Vizuri

Walitaka niombe msamaha. Mama alikuwa bado mochari Nakuru, hema zimeshasimamishwa uwanjani, sufuria za kukodi zimepangwa kando ya ghala, na jambo la kwanza ambalo ukoo wa mume wangu uliona linafaa kumalizwa lilikuwa mimi, Joan, nisimame mbele ya watu niseme nimekosa kwa sababu ya filamu. Niliosha filamu. Sijawahi kukana. Niliiosha kwa sabuni ya unga, nikaisuuza, nikaianika kwenye kamba katikati ya shuka za Mama, na nikaibana kwa vibanio upepo usije ukaiangusha kwenye matope. Jikoni walikuwa wakinong'ona kwamba nilifanya hivyo kwa wivu. Wivu wa nini? Niliiosha kwa sababu niliambiwa.

Mama ninayemtaja ni mama mkwe. Alikuwa na shamba nje kidogo ya Njoro, ngano upande wa juu na ng'ombe wachache upande wa chini, na watoto watatu. Kifungua mimba ni Kipngeno, aliyekwenda Kanada kusoma na akabaki huko. Wa pili ni Cheptoo, wa Nairobi, mwenye kucha ambazo haziruhusu mtu kushika ufagio. Kitinda mimba ni Kipchirchir, mume wangu, dereva wa lori la maziwa, ambaye huwa nyumbani Jumapili na siku nyingine yuko barabarani. Mama alipopata kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikafa, maneno yakampotea karibu yote, na watoto wakakaa kikao kwa simu wakakubaliana kwamba atakayemtunza ni mke wa Kipchirchir. Mimi sikuwa kwenye hicho kikao. Nilikuwa jikoni nikimpikia uji.

Mimi ni mtu wa Longonot, si wa kabila lao. Kwa hiyo tangu siku niliyoolewa, kila mtu wa nyumba ile alizungumza nami kwa Kiswahili. Lugha yao nilikuja kuijua baadaye, na nilifundishwa na Mama mwenyewe, kwa sababu kiharusi kilimwachia maneno ya utotoni tu. Kwa wengine wote, Kiswahili. Na katika Kiswahili hicho, neno nililosikia kuliko yote lilikuwa osha. Cheptoo akipiga simu: "Joan, Mama ameoshwa?" Kipngeno akipiga: "Osha hizo shuka kila siku, asipate vidonda." Kipchirchir akirudi Jumapili, kabla hajanisalimu: "Umeosha viatu zangu?" Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimelala. Niliosha, nikaanua, nikakunja, na Mama hakupata kidonda hata kimoja.

Sasa Kipngeno akaja likizo na kamera.

Aliinunua huko Kanada kwenye duka la vitu vya mitumba, na alivyoishika ungedhani ni mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Ilikuwa chuma kitupu, nzito, bila betri na bila kioo cha kukuonyesha ulichopiga. Ubavuni ilikuwa na ufunguo wa kukunjua, unauzungusha mpaka ukatae, kama watu wa zamani walivyotia saa ufunguo. Mbele ilikuwa na pete ndogo ya kufungua jicho lake kulingana na jua. Ilipokuwa ikienda ilinguruma kama cherehani. Ng'ombe wetu mmoja aliiogopa akavunja kamba, na Kipngeno akafurahi, akasema hiyo itatokea vizuri sana.

Kabla ya kuanza alijifungia stoo. Akaziba dirisha kwa blanketi la Mama, akatuambia yeyote atakayegusa mlango atamjua. Tulidhani anaomba. Baadaye akatoka na jasho, akasema kamera imeshalishwa. Kulishwa nini na kwa nini gizani, hakusema, na mimi sikuuliza kwa sababu nilikuwa na kazi. Nataka hilo likumbukwe. Mtu mzima alijifungia gizani na filamu yake, akaona hakuna haja ya kumwambia mwenye nyumba kwa nini.

Akapiga picha za ng'ombe, za ngano, za Cheptoo akitembea polepole mbele ya nyumba eti haoni kamera. Akarudi stoo tena, maana filamu ile ni ya kupita mara mbili: ikiisha inageuzwa, ipite upande wa pili. Kisha akataka kupigwa yeye, ameketi na Mama pale kibarazani. Cheptoo alijaribu kuishika akasema inamuumiza kifundo. Basi akaniita.

"Joan, kuja ushike hii. Na usiguse kitu yoyote yenye sijakuambia."

"Nishike aje?"

"Mkono moja chini, hii ingine kando. Weka hicho kidirisha kwa jicho. Ukifinya hapa inakimbia, ukiachilia inasimama. Ya jua nimeset. Na uache nafasi juu ya kichwa ya Mama, hicho kidirisha kinadanganya. Kiko juu ya lenzi, sio ndani. Ukijaza kabisa utatukata vichwa."

"Na ikichoka?"

"Utasikia sauti imeshuka. Achilia, utie ufunguo tena. Lakini haitafika huko, nataka kidogo tu."

Nikazungusha ufunguo. Nilihisi ukikaza taratibu chini ya vidole, mpaka ukakataa kabisa, na nikajua hapo umefika bila kuambiwa. Nikaweka jicho.

Sijui nieleze vipi. Nilikuwa nimemwangalia Mama kila siku tangu augue, lakini nilimwangalia kwa kazi: amekula, amelowa, ngozi ya mgongo imekuwaje leo. Katika kile kidirisha kidogo alikuwa mtu tu, mwanamke mzee aliyefungwa kitambaa safi, na mtoto wake kando. Sikuwa na cha kumfanyia. Nilifurahi hadi nikaona aibu.

Nikafinya. Kipngeno akaweka mkono begani mwa Mama, akatoa lile tabasamu lake la pasipoti. Mama hakumtazama. Alikuwa akinitafuta mimi nyuma ya kile chuma, na aliponiona, akanyoosha mkono wa kushoto mbele, kiganja juu, akacheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki. Kila asubuhi nikiingia na beseni, alikuwa akinyoosha mkono hivyo hivyo ili nianzie hapo.

"Ona, ona, Mama anawapungia," Kipngeno akasema. "Umeshika hiyo? Basi, inatosha. Achilia, unamaliza filamu."

Sikuachilia. Nilifinya mpaka sauti ikashuka na ufunguo ukaishiwa nguvu wenyewe. Alinikaripia mbele ya watu wote, na sikujali.

Siku ya kuondoka akaiacha filamu kwenye kabati la Mama, ndani ya mkebe wa bati uliozungushiwa tepu. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba aliogopa mashine za kukagua mizigo uwanja wa ndege. Mimi aliniambia kwa simu, akiwa njiani, huku Cheptoo akimwendesha na kusikia kila neno.

"Joan, ile filamu iko kwa kabati ya Mama. Kuna jamaa atakuja kuichukua Ijumaa. Lazima ioshwe vizuri, hiyo ndio ya maana. Haina haraka, ioshwe vizuri."

"Sawa," nikasema.

Nisubiri nini tena? Nimezaliwa wakati picha za karatasi zinaisha. Kwetu Longonot hatukuwa na albamu. Picha nimezijua za simu, na picha ya simu haioshwi. Kipngeno ana digrii mbili na lugha tatu, na kati ya maneno yote ya Kiswahili alichagua lile ambalo nyumba yake nzima hulitumia kunituma beseni.

Alhamisi nikakata tepu kwa kisu. Ndani kulikuwa na utepe mwembamba umezungushwa kwenye gurudumu, mrefu ajabu, wenye rangi ya majivu. Nikautia kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni, nikaupitisha kati ya vidole polepole, hatua kwa hatua, bila kuukunja. Maji yakageuka rangi ya zambarau. Nilifurahi. Nilidhani ni uchafu wa miaka mingi unatoka, nikasema kweli huu ulikuwa unahitaji kuoshwa. Mama alikuwa ameketi juani pale kando akinitazama. Nilipoanika, utepe ulizunguka kamba yote na kurudi, ukimeta kati ya shuka, na tukakaa chini yake mimi na yeye tukinywa chai.

Yule jamaa wa Ijumaa alikuja kwa bodaboda kutoka stendi. Nilimpa mkebe, utepe umekauka na kuzungushwa vizuri. Akaufungua, akanusa, akaniangalia.

"Mathe, hii kitu nani amefungua?"

"Mimi. Niliambiwa nioshe."

Akaketi kwenye ngazi. Hakucheka, na namshukuru kwa hilo. Akaniambia kwamba filamu ikiguswa na mwanga kabla ya kutiwa dawa, kila kitu kinafutika, na kwamba kutiwa hizo dawa ndiko watu wa studio walikokuita kuosha. Nilimuuliza kama kuna kilichobaki. Akainua utepe juani. Hakukuwa na kitu.

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikajipiga paja kwa ngumi. Ule mkono ulionyooshwa ulikuwa umeondoka na maji ya zambarau, na mimi ndiye niliyeyamwaga. Lakini sikupata hata saa moja ya kuumia, maana simu ililia papo hapo, na Kipngeno akanitukana kwa lugha zake zote tatu. Aliniita mjinga. Aliniuliza kama kwetu hakuna shule. Nilimwambia, "Ulisema ioshwe," akasema, "Kila mtu anajua maana ya kuosha filamu." Kuanzia siku hiyo ikawa hadithi ya familia. Cheptoo aliwasimulia wenzake wa kazini. Watu nisiowajua walinitumia vikatuni vya kucheka.

Kisha Mama akafa. Alikufa Jumatano asubuhi, nikiwa nimeshamaliza mkono wa kushoto.

Kikao kilifanyika siku mbili kabla ya mazishi, saa za alasiri, sebuleni kwa Mama. Kipngeno alikuwa amefika asubuhi. Mwenyekiti alikuwa baba mdogo, Mzee Kiprugut, mdogo wake marehemu baba mkwe, mtu mpole anayependa mambo yaishe. Alianza kwa kueleza kwamba zamani hata yeye alikuwa akipeleka picha Nakuru zikaoshwe, kwa hiyo neno lenyewe halina makosa. Kisha akanigeukia.

"Mama Kigen, hakuna mtu anakufukuza," akaniambia, akinitaja kwa jina la mwanangu. "Lakini mama hawezi kuzikwa na hii kitu iko katikati. Kipngeno ameumia. Sema tu mbele yetu kwamba umekosea, yeye akusamehe, tuombe, iishe."

Kipchirchir alikuwa ameketi kando yangu. Akaniinamia. "Sema tu pole. Ni neno moja."

Neno moja. Mimi nilikuwa nimeshachoshwa na maneno yao mojamoja. Nikaangalia miguu ya meza. Ningesema pole kwa Mama, na nilishamwambia, kwa lugha yake, siku ile ile. Kwa Kipngeno sikuwa nayo.

Ndipo Cheptoo akaanza kulia.

"Kesho kutwa screen itakuwa hapo nje," akasema, "na tutaonyesha watu nini? Picha ya kitambulisho? Hatuna hata video moja ya Mama. Hata moja. Ni hiyo tu tulikuwa nayo, na Joan akaianika kwa kamba."

Nilisimama. Mzee Kiprugut akaniitikia kwa kichwa kwa upole, akidhani msamaha unakuja.

"Cheptoo, toa simu."

"Ya nini?"

"Toa. Fungua grupu ya familia. Usisome za mazishi, panda juu. Panda zaidi. Fika mwaka jana."

Kila Jumapili, tangu Mama augue, nikishamwosha na kumvalisha kitambaa cha kanisani, nilimpiga video kwa simu yangu na kuituma kwenye grupu. Hakuna aliyeniomba. Nilituma ili wamwone. Mama akimeza uji bila kukohoa mara ya kwanza. Mama akivuma wimbo wa kanisani, maneno hana lakini sauti anayo. Mama akimfukuza kuku kwa fimbo. Cheptoo alikuwa akijibu kwa mikono ya maombi, Kipngeno kwa kidole gumba, na mimi nikiona hivyo niliridhika.

Cheptoo akapanda mpaka mwaka jana. Nilisogea nikaangalia juu ya bega lake. Video zilikuwa zimepangana, moja chini ya nyingine, kila moja ni mraba wenye ukungu na mshale wa kuteremsha katikati. Hakuna iliyofunguliwa. Akabonyeza moja, ikazunguka kidogo, kisha ikamwambia haipatikani tena, amwombe aliyetuma aitume upya. Akabonyeza nyingine. Sebule nzima ikatoa simu. Mzee Kiprugut akavaa miwani.

Nikamgeukia mume wangu. "Na wewe?"

"Mimi si nilikuwa nakuja Jumapili," Kipchirchir akasema. "Nilikuwa namwona."

Kipngeno alikuwa bado anapandisha kidole kwenye kioo, mwezi baada ya mwezi. Sauti yake ilipotoka haikuwa ile ya simu.

"Joan. Zitume tena. Tafadhali. Zote."

"Sina."

"Huna aje? Si wewe ndio ulipiga?"

"Simu yangu ni ndogo," nikasema. "Ilikuwa ikijaa, inaniambia nifute kitu. Picha za mtoto sikutaka kufuta, kwa sababu hazikuwa kwa mtu mwingine. Nilikuwa nafuta za Mama. Nilijua hizo ziko kwenu."

 Nje, vijana wa hema walikuwa wakikazia vigingi, na nilitamani waendelee tu. Kipngeno akainuka, akanijia na simu mkononi, kidole kwenye mraba mmoja. Katikati ya ukungu kulikuwa na doa la samawati, na nilikijua kile kitambaa.

"Hii ilikuwa nini?"

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa na hasira mno kumfanyia wema huo.

"Hiyo ni siku alitaja jina lako. Alikuwa hajataja jina la mtu yeyote, hata langu. Nilimwambia uko ndani ya simu, unasikiliza. Akasema, Ngeno. Akangoja. Akasema tena."

Chini ya ule mraba kulikuwa na kidole gumba chake. Alikitazama, kisha akaubonyeza mshale, akaubonyeza tena, na akaendelea kuubonyeza mbele yetu sote mpaka Cheptoo akamshika mkono.

Mzee Kiprugut akavua miwani. Akasema labda tuombe tufunge kikao. Nikamwambia wafunge wao. Nilikuwa nimempikia kila mgeni aliyeingia lango lile tangu Jumatano, na nilikuwa bado sijamlilia Mama. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikapita zizini, nikaenda mpaka kwenye ngano, mahali ambapo hakuna mtu angeniita, nikamlilia.